Kutoka Rada ya Vita Hadi Vichupa vya Wakemia

Askari aliyewahi kulinda uwanja wa ndege huifahamu rada, jicho lile lisilozuiwa na giza wala mawingu. Nguvu yake wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitokana na magnetroni, chombo cha kutoa mawimbi mafupi ya redio, ambacho John Randall na Harry Boot walikiboresha mno huko Birmingham, Uingereza, mwaka 1940. Mwaka 1945 Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon, Marekani, alisimama karibu nacho, na yasimuliwa kwamba peremende ilimyeyukia mfukoni. Ndipo likazaliwa jiko la maikrowevu.

Wakemia walichelewa kulitambua. Mwaka 1986 makundi mawili, moja la Kanada na jingine la Marekani, yalitangaza kwamba kazi za kuunda kemikali zilizochukua saa nzima zaweza kumalizika kwa dakika chache. Moto wa kawaida huanza kuunguza chombo. Mawimbi haya hupenya kioo na kuzitingisha chembe za maji au alkoholi zenyewe, yakigeuka mara bilioni 2.45 kila sekunde.

Sasa, mtafutaji wa dawa mpya hutamani kupika vichupa vingi kwa pamoja, kila kimoja na mchanganyiko wake, apate kulinganisha. Hapo ndipo penye shida. Ndani ya jiko la nyumbani mna mahali pa joto kali na mahali pa baridi. Anayebisha na apashe sahani ya wali uliolala. Kichupa kilichosimama pabaya hakiivi, na dawa njema huenda ikatupwa bila kosa lake, mfano wa kuruta aliyepewa bunduki mbovu kisha akalaumiwa kwa shabaha.

Kuvizungusha vichupa kulisaidia, lakini hakukumaliza taabu, kwani kila kiowevu hupokea mawimbi kwa kadiri yake. Oliver Kappe na wenzake wa Graz, Austria, walitumia vibao vya silikoni kabaidi, kitu kigumu kinachotumika pia kunolea chuma. Kibao humeza mawimbi, kikagawa joto sawasawa kwa vichupa vyote. Kumbe joto limerudi kupitia ukutani!

Lipo pia suala la usalama. Kichupa kilichozibwa hujenga shinikizo kubwa, na katika majaribio ya awali vyombo vilipasuka ndani ya majiko ya nyumbani. Kwa hiyo maabara hutumia majiko maalumu yenye mlango imara, yanayopima joto na shinikizo na kuyakata mawimbi mara mpaka unapovukwa.