Dek ya Mbao Imeoza? Piga Hesabu Hii Kabla Zege Haijameza Ganji Yako

Unaijua hii story. Ni Jumapili, familia imejaa kwa keja, nyama iko kwa jiko nje, na mathe anatoka jikoni na sinia ya pilau. Anakanyaga dek pale karibu na mlango, ubao unaachia, mguu unazama hadi kwa goti. Pilau yote chini. Akibahatika ni mkwaruzo tu. Asipobahatika, jioni mnaimalizia hospitali.

Hapo ndipo wasee wengi huamua: hii mbao itoke, nimwage zege, niachane na hii stress. Fundi anapigiwa simu. Anakuja, anazunguka mara mbili, anakuna kichwa, anatupa bei. Sasa wewe umebaki umesimama hapo hujui kama hiyo bei ni ya haki ama umeonekana mjinga.

Shida ni kwamba wengi wetu tukisikia zege tunafikiria simiti. Tunauliza mfuko ni ngapi, tunazidisha, tunasema hii ni rahisi. Lakini kwa kazi ya baraza ya zege, simiti mara nyingi si ndiyo inakumaliza. Kinachokumaliza ni kile kiko chini yake. Twende polepole.

KWANZA, DEK IMEKUFA KWELI?

Kabla ya kubomoa, chukua bisibisi uingie chini ya dek. Dunga mbao za kubeba na miguu yake, hasa pale mguu unapogusa udongo na pale mbao imeshikana na ukuta. Bisibisi ikigonga kitu kigumu, mbao bado iko fiti. Ikizama kama kwa mkate, hiyo imeoza. Angalia pia vile vinjia vya udongo vinavyopanda mguuni. Huyo ni mchwa, na huwa hali ubao mmoja akatosheka.

Kama miguu na mbao za kubeba ni ngumu na ni vipande vitatu vya juu tu vimeoza, badilisha hivyo vitatu. Hiyo ni kazi ya siku moja, na hakuna sababu ya kuleta lori. Lakini kama miguu imeenda, kuweka vipande vipya juu ni sawa na kumvalisha mgonjwa suti. Dek hiyo imefika mwisho.

DEK INASIMAMA, ZEGE INALALA

Hapa ndipo doh nyingi hupotea bila mtu kujua. Dek ya mbao huwa na miguu. Mlango wako ukiwa juu sentimita 60, fundi wa mbao anaongeza tu urefu wa mguu, basi. Chini kunabaki hewa, na hewa ni ya bure.

Zege haina miguu. Ukitaka baraza yako ifike juu karibu na mlango, hiyo hewa yote lazima ijazwe na kitu, na kitu hicho kinakuja na lori.

Tuchukue mfano. Dek yako ni mita 4 kwa mita 5, yaani mita 20 za mraba, ule upande wa mita 5 umeegemea nyumba. Sakafu ya ndani iko sentimita 60 juu ya ardhi. Una njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuinua baraza. Usiifikishe sawa na sakafu ya ndani. Ukutani kuna ule utando wa kuzuia unyevu, mafundi huuita DPC, na juu ya baraza panafaa kubaki angalau sentimita 15 chini yake. Ukiufunika, maji ya mvua yatapanda ukutani na rangi ya sitting room ianze kububujika. Kwa hivyo baraza itakuwa sentimita 45 juu ya ardhi. Ukichimba sentimita 20 kutoa udongo wa juu, una kina cha sentimita 65. Mawe ya hadikoo yachukue 15, zege ichukue 10, bado kuna sentimita 40 za kujaza. Mara mita 20 za mraba, hiyo ni mita 8 za ujazo za murram iliyoshindiliwa. Ikiwa bado haijashindiliwa utanunua zaidi ya hapo. Na murram haitasimama yenyewe, kwa hivyo jenga ukuta wa mawe pande tatu, mita 13 kwa jumla, wenye msingi wake.

Njia ya pili ni kuishusha. Chimba hizo sentimita 20, weka hadikoo 15 na zege 10, baraza iwe sentimita 5 tu juu ya ardhi. Kutoka mlangoni, jenga ngazi za kushukia. Hakuna ukuta wa kuzunguka, hakuna malori ya murram. Unalipia ngazi tu.

Baraza ni ile ile, ukubwa ni ule ule, lakini bei zake hazifanani hata kidogo. Kwa hivyo fundi akikutajia bei, swali la kwanza ni: juu ya baraza itakuwa wapi ukilinganisha na mlango? Kama hajapima hapo na futi, bei yake ni ya kubahatisha.

Na ukiwa bado chini ya dek, angalia kama kuna manholi ya choo ama bomba la maji. Dek nyingi zimejengwa juu yake. Ukimwaga zege hapo, siku choo kikiziba utakuwa unavunja baraza mpya na nyundo.

HESABU YA SLABU YENYEWE

Hii ni rahisi kuliko vile mafundi huifanya ionekane. Mita 20 za mraba kwa unene wa sentimita 10 ni mita 2 za ujazo. Ongeza asilimia 10 ya kumwagika, unapata 2.2.

Mchanganyiko wa kawaida ni 1:2:4. Simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kwa lugha ya mjengo, mfuko mmoja wa kilo 50 unaenda na karibu wilbaro moja ya mchanga na mbili za kokoto. Mita moja ya ujazo inakula karibu mifuko 7, kwa hivyo hapa ni kama mifuko 16. Mchanga ni karibu tani 2. Kokoto ni tani 3 na kidogo. Hadikoo ya kulaza chini ni kama tani 6.

Ongeza karatasi nzito ya polithini, geji 1000, ya kulazwa kabla ya zege. Ongeza wavu wa chuma, BRC, wa kusaidia mipasuko isifunguke. Kwa vyote viwili nunua zaidi kidogo ya mita 20 za mraba, kwa sababu vipande vinapandana.

Sasa nenda hardware ya mtaa wako uulize bei ya kila kitu leo. Tuseme simiti ni 800 mfuko. Mifuko 16 ni 12,800. Kama fundi amekuandikia mifuko 30 kwa baraza ya kulala chini, muulize hiyo 14 inaenda wapi. Labda ana jibu, maana ngazi, ukuta na plasta zinakula simiti pia. Kama hana, ushajua.

UDONGO WAKO NI GANI?

Kama uko Ruaka, Kikuyu ama Limuru, uko juu ya udongo mwekundu na una bahati. Ukitoa ule wa juu wenye mizizi na kushindilia vizuri, zege inatulia.

Kama uko Kitengela, Syokimau ama Embakasi, kuna uwezekano mkubwa umekaa juu ya black cotton. Huu udongo mweusi ukinyeshewa unavimba, ukikauka unasinyaa na kufungua nyufa unaweza kuingiza mkono. Dek ya mbao ilikuwa inacheza nao, ikiinuka na kushuka bila kulalamika. Zege haichezi. Ikiinuliwa upande mmoja, inapasuka.

Dawa yake ni kuutoa na kujaza na murram na hadikoo, tabaka kwa tabaka. Hapo ndipo zile sentimita 20 za kuchimba zinaweza kuwa mita nzima, na malori yanaongezeka ya kutoa na ya kuleta. Bei ya baraza ya jamaa yako wa Kikuyu haikusaidii kitu ukiwa Kitengela.

Kama black cotton ni ndefu na mfuko hauruhusu, fikiria kabro. Pia zinataka chini kutengenezwe vizuri, lakini zikizama mahali unazitoa, unasawazisha, unazirudisha. Zege ikipasuka, imepasuka.

USILINGANISHE BEI, LINGANISHA MIAKA

Namba zifuatazo ni za mfano tu, weka zako. Tuseme dek mpya ya mbao ya saipresi itakugharimu 120,000 na itakaa miaka 8. Hiyo ni 15,000 kwa mwaka. Ongeza 6,000 kila mwaka ya kupaka rangi na dawa ya mchwa. Jumla 21,000 kwa mwaka.

Baraza ya zege, tuseme ni 180,000, imetengenezwa vizuri, inakaa miaka 25. Hiyo ni 7,200 kwa mwaka. Zege imeshinda, hata kama siku ya kulipa ndiyo iliuma zaidi.

Lakini sasa tuseme fundi alimwaga hiyo zege juu ya black cotton bila kuchimba, na baada ya miaka 3 imegawanyika vipande kama biskuti. 180,000 gawa kwa 3 ni 60,000 kwa mwaka, na bado hujalipa watu wa kuvunja na lori la kubeba vifusi. Dek ikiisha, angalau unabaki na kuni. Zege mbaya ndiyo ghali kuliko zote.

Kwa hivyo ukiona bajeti haitoshi, punguza ukubwa. Mita 12 za mraba zilizofanywa sawa zinatosha meza, viti na jiko la nyama. Usipunguze kuchimba, na usipunguze kushindilia.

Na kama nyumba ni ya kupanga, usimwage zege kwa ploti ya wenyewe. Rekebisha mbao, siku ukihama uhame na amani.

SIKU YA KUMWAGA, KUWA HAPO

Chukua off kama inabidi. Vitu vitano vya kukagua:

Unene. Weka futi kwa zile mbao za pembeni kabla zege iingie. Ikimwagwa sentimita 7 badala ya 10, umeibiwa karibu theluthi ya zege yako, na ndiyo itapasuka kwanza.

Maji. Watu wa mkono wanapenda zege nyepesi kama uji kwa sababu inasukumika haraka. Maji yakizidi, zege inakuwa dhaifu. Itakikane kusukumwa kidogo.

Mteremko. Sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ikielekea mbali na nyumba. Bila hiyo, mvua ya Aprili itakubishia mlango.

Mistari ya kukata. Zege itataka kupasuka tu, kwa hivyo ichagulie mahali. Kwa unene huu, mstari kila baada ya mita 2.5 hadi 3. Baraza ya 4 kwa 5 ikatwe katikati pande zote mbili.

Uso. Mwambie fundi apitishe ufagio juu kabla haijashika. Tailsi laini nje ni picha nzuri kwa simu, lakini zikilowa mtu anaenda chini kuliko alivyoenda kwa dek.

Baada ya hapo ifunike na magunia uimwagie maji kila siku kwa wiki nzima. Zege haipati nguvu kwa kukaushwa na jua, inapata nguvu ikiwa na unyevu. Nguvu yake huwa inapimwa siku ya 28, kwa hivyo usilete tangi la maji hapo wiki ya kwanza.

DOH ITOKE VIPI

Chukua bei kwa mafundi watatu, lakini wape kazi ile ile: ukubwa ule ule, kimo kile kile, unene ule ule. Waambie watenganishe vifaa na leba. Ukipewa figa moja kubwa ya "kila kitu", hapo hakuna kitu cha kulinganisha.

Nunua vifaa mwenyewe kama unaweza, na hesabu mifuko tupu jioni. Lipa kwa hatua: kuchimba na kushindilia kukiisha, zege ikimwagwa, na kitu kidogo kibaki hadi ile wiki ya maji iishe. Hatua ya kwanza ndiyo ya kukagua zaidi, kwa sababu zege ikishafunika, hutaona tena kilichoko chini.

Na mathe? Mwambie Jumapili ijayo pilau ni ndani. Ile ingine atatoka na sinia, na hatahitaji kuangalia anapokanyaga.