Nani Huamua Mahali pa Kuchimba Migori?
Huko Macalder, eneo la Nyatike katika kaunti ya Migori, Kenya, mgodi mkubwa wa dhahabu na shaba ulifungwa 1966. Wachimbaji wadogo bado wako mashimoni.

Sheria ya Madini ya 2016 iliwatambua: kila kaunti iwe na kamati, chini ya mwakilishi wa gavana, ya kushauri kuhusu vibali vyao. Mrabaha wa madini nao hugawanywa: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya eneo husika.

Lakini kibali cha shimo hakitoshi. Mawe hubebwa hadi mashine za kusaga, na unga wake huchanganywa na zebaki ili kunasa dhahabu. Zebaki ikifika mtoni huingia kwenye samaki, kisha mezani. Mashine hizo ziwekwe mbali na maji na makazi, hata gharama ya usafiri ikipanda.