Nani analipa gari likiingia uvunguni mwa trela?

Barabara kuu ya Nairobi–Mombasa ina ajali zake za usiku. Trela limeharibika, limeachwa nusu kwenye lami, taa za nyuma hazifanyi kazi, na nyuma yake yametandazwa matawi badala ya pembetatu za tahadhari. Gari dogo linakuja, dereva anastuka akiwa amechelewa, boneti inapita chini ya trela. Bampa na sehemu ya mbele, zilizotengenezwa kupokea kishindo, hazigusi kitu. Kinachogonga ni kioo cha mbele, na nyuma ya kioo kuna watu.

Kumpata wakili baada ya hapo si shida. Mara nyingi familia haijamaliza hata kuchangisha za mazishi, na tayari kuna dalali anayejua namba ya lori, kituo cha polisi na jina la kampuni ya bima. Sheria ya Mawakili ya Kenya inakataza kusaka wateja kwa njia hiyo. Inakataza pia mapatano ya wakili kulipwa pale tu anaposhinda kesi. Lakini mjane asiye na senti ya kufungua kesi hana njia nyingine, hivyo mapatano hufanywa kwa mdomo, na siku ya malipo anapokea kilichobaki bila karatasi ya kuulizia hesabu. Afadhali mapatano hayo yangeruhusiwa, yaandikwe, na asilimia ya wakili iwekewe kikomo. Katazo la sasa linamlinda asiyehitaji kulindwa.

Ugumu uko kwenye fedha zenyewe. Tuchukue mtu aliyekuwa akipata shilingi 40,000 kwa mwezi, na mahakama ikaona angefanya kazi miaka 20 zaidi. Kwa desturi ya mahakama, theluthi mbili ya kipato cha mwenye familia huhesabiwa kuwa za wategemezi wake. Zidisha: ni shilingi milioni 6.4. Sheria ya bima ya magari kwa madhara ya watu wengine, Sura ya 405, inamlazimu mwenye lori kuwa na bima, lakini haimlazimu kukinga zaidi ya milioni 3 kwa kila anayedai. Mtu huyu hakuwa tajiri, na bado zaidi ya nusu ya fidia yake iko nje ya bima ya lazima. Iliyobaki wakili akaifukuze kwa mwenye lori, ambaye huenda ana lori hilo moja tu, nalo liko chini ya mkopo wa benki.

Hata hizo milioni 3 zinategemea kampuni ya bima iwe hai. United ilianguka mwaka 2005, Blue Shield ikawekwa chini ya meneja wa kisheria mwaka 2011, na hazikuwa za mwisho. Kampuni ikifika hapo malipo husimamishwa. Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima upo, ila kikomo chake kimejulikana kuwa shilingi 250,000 kwa dai. Hapo ndipo ushindani wa bei ya bima unapoonekana kwa sura yake halisi: mwenye lori anachagua kampuni ya bei nafuu, na anayekuja kugundua udhaifu wake ni mtu ambaye hakuwahi kuichagua.

Kabla ya kufika kwenye malipo, kuna suala la lawama. Aliyegonga kwa nyuma huonekana mkosaji tangu mwanzo, na abstrakti ya polisi mara nyingi huandikwa hivyo. Mahakamani mambo hayako hivyo. Hakimu anaweza kugawa lawama baina ya aliyegonga na aliyeacha lori gizani, na kila asilimia ina bei. Katika mfano wetu, marehemu akiwa ndiye aliyeendesha na akabebeshwa nusu ya lawama, milioni 6.4 zinakuwa 3.2. Kwa hiyo umbali wa yale matawi kutoka trela, picha ya taa, na alama za breki kwenye lami vina thamani kuliko ufasaha wa wakili. Lori huvutwa asubuhi, na ushahidi huondoka nalo. Muda wa kufungua kesi ni miaka 3, na familia nyingi huusoma kama ruhusa ya kusubiri.

Kuna chanzo kimoja ambacho naona hakitumiwi vya kutosha. Mizigo inayopita Kenya kwenda nchi jirani hufungwa vifaa vya forodha vya kielektroniki vinavyofuatilia safari, na wenye malori wengi wana vifuatiliaji vyao. Kumbukumbu hizo zinaweza kuonyesha trela lilisimama saa ngapi. Lililokufa dakika tano kabla ya ajali na lililolala hapo tangu saa kumi jioni hayawezi kubeba lawama sawa. Wakili azidai mapema, kwa barua, kabla hazijafutwa. Aangalie pia namba zote mbili: kichwa na trela husajiliwa kila kimoja peke yake, na wenyewe wanaweza kuwa tofauti. Lori likiwa la Uganda, Rwanda au Kongo, kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya magari yanayovuka mipaka, ndiyo inayofungua mlango wa kudai hapa hapa Kenya.

Marekani biashara hii ina sura nyingine. Wakili hulipwa akishinda, kwa kawaida theluthi moja hadi asilimia 40, kwa hiyo anaweza kugharimia wahandisi na kumfuata hata mtengenezaji wa trela. Mwaka 2024 baraza la wazee wa mahakama mjini St. Louis liliamuru Wabash, kampuni inayotengeneza matrela, ilipe dola milioni 462 kwa vifo vya vijana wawili ambao gari lao liliingia nyuma ya trela lake. Jaji baadaye alikata kiasi hicho hadi chini ya dola milioni 120. Hoja ilikuwa fito la nyuma, lile linalotakiwa kuzuia gari lisipite chini. Kampuni ilijitetea kwamba trela lilitimiza kanuni za wakati lilipotengenezwa. Huku kwetu karakana huunga matrela kila siku, na kesi za ajali huishia kwa dereva na mwenye lori. Aliyechomelea fito hilo, au aliyeamua lisiwepo, kwa kawaida haitwi mahakamani hata kama shahidi.