Usiku wa Mazimwi Mjini Karatina

Mara hii, ndugu msomaji, makala yangu hayatoki Pwani. Yanatoka bara, tena bara ya baridi, chini ya Mlima Kenya, katika mji wa Karatina ulioko Mathira, wilaya ya zamani ya Nyeri ambayo leo ni kaunti. Nilikwenda huko mwishoni mwa Oktoba 2024 kumtazama mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye anafundisha katika Chuo Kikuu cha Karatina. Dada yangu alikuwa ameniusia maneno mawili tu: nimpelekee mwanawe halua na bahasha ya iliki, kisha nimtazame anaishi vipi na watu gani. Halua niliifikisha salama. Hilo la pili ndilo lililonipa kisa cha leo.

Mpwa wangu amepanga vyumba viwili katika ua wa mama mmoja wa Kikikuyu, mtu mzima aliyekaribia miaka themanini, ambaye wote pale humwita Cucu, yaani bibi. Nilipofika Alhamisi alasiri niliwakuta vijana watano barazani, wake kwa waume, wamezunguka malenge kubwa lililonunuliwa sokoni. Wamelitoa nyama yote ndani, wamelichonga macho na meno, na sasa wanatafuta mshumaa wa kulitia tumboni. Nikauliza ni mzaha gani huu. Mpwa wangu akacheka, akasema, "Mjomba, leo ni tarehe 31. Leo ni Halloween. Usiku tutacheza mchezo wa vitisho, na wewe ni mgeni wetu."

Sikuficha kwamba neno lile halikunipendeza. Nilisema moyoni, dada yangu atanilaumu.

Cucu naye alikuwa na lake. Alitokea jikoni akiwa amefunga leso kichwani, akalitazama lile malenge, akauliza kwa Kiswahili chake cha bara, "Na nyama yake mmetupa?" Wakamwonyesha sufuria iliyojaa vipande. Akatikisa kichwa, akaichukua sufuria akarudi nayo jikoni. Kwake yeye mambo ya Halloween yalikuwa yamekwisha hapo. Nilimpenda mama yule tangu dakika ile, kwani hata sisi tuliokua tukila boga la nazi mwezi wa Ramadhani hatujui kulitia boga mshumaa.

ASILI YA USIKU HUU

Jambo ambalo mtu halijui asilihukumu kabla ya kuliuliza asili yake. Jina la Halloween maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya Wakristo ya tarehe 1 Novemba. Lakini chini ya sikukuu hiyo kuna mila ya kale zaidi ya Wakelti wa Ireland na Uskoti, waliokuwa wakiadhimisha kumalizika kwa mavuno na kuingia kwa kipusa, wakiamini kuwa usiku huo pazia baina ya walio hai na wafu huwa jepesi. Waayalandi walichonga mboga za mizizi mfano wa figili kubwa na kuzitia mwanga ndani. Walipohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19, walikuta huko maboga, makubwa na mepesi kuchonga, na ndipo mboga ile ya kwao ikasahauliwa.

Kitu kimoja katika habari hii kilinigusa. Watu wale walihesabu sikukuu tangu jua lilipokuchwa, usiku ukitangulia mchana wake. Nasi ndivyo tuhesabuvyo. Alhamisi ile, magharibi ilipoingia, kwangu mimi ulikuwa ni usiku wa Ijumaa. Nikatandika mswala wangu chumbani, nikaswali, nikasoma nilichozoea kusoma usiku huo. Baada ya isha nikatoka barazani, nimejifunga kikoi juu ya suruali na sweta mbili juu ya shati, kwa maana baridi ya Karatina ni ya mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, nayo haibishi hodi.

Kabla sijaketi niliuliza swali moja: je, mchezo huu ni ule wa kuita roho? Msomaji huenda amesikia juu ya ubao wenye herufi na namba, ambao watu huweka vidole juu ya kibao kidogo wakidai kuwa wafu wanawajibu. Ubao huo uliandikishwa Marekani mwaka 1891 kama kitu cha kuchezea, na umeuzwa madukani tangu hapo kama pipi. Kuuliza ghaibu si mchezo kwetu sisi. Vijana wakaniapia kwamba sivyo. Wao wana nyumba ya makaratasi, hadithi, na dadu.

Dadu! Hapo pia palikuwa na neno. Niliyosomeshwa chuoni nikiwa mtoto ni kwamba wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii waliupa mchezo wa sataranji hukumu ya makuruhu, maadamu hauna kamari wala haupotezi swala, lakini michezo ya dadu waliikaza zaidi. Basi nikasema nitakaa mtazamaji. Hawakunuuna. Mpwa wangu aliniwekea kiti karibu na jiko la makaa, naye akakaa pembeni yangu awe mtunza kadi, asirushe dadu. Sikumwambia afanye hivyo. Nikaiweka habari hiyo akiba ya kumpelekea mamake.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huo unaitwa Betrayal at House on the Hill, ulitolewa Marekani mwaka 2004, na aliyeubuni ni Bruce Glassco na wenzake. Huchezwa na watu watatu hadi sita. Hakuna ubao uliokwisha kuchorwa kama bao letu. Wachezaji huingia katika nyumba kuu ya zamani, na kila anayefungua mlango huchukua kipande cha kadibodi na kukiunga, kikawa chumba: ghala, ngazi, chumba cha maiti, bustani. Kila mara nyumba huwa nyingine. Katika vyumba hivyo mna kadi za ishara mbaya, na kadiri ishara zinavyoongezeka ndivyo saa inavyokaribia. Ikifika, kitabu hufunguliwa, na mojawapo ya visa 50 huanza. Mara nyingi katika visa hivyo mmoja wa wale waliokuwa wakitembea pamoja, wakisaidiana na kutaniana, hugeuka kuwa msaliti. Yeye hutoka nje akasome maagizo yake peke yake, na waliobaki husoma yao. Akirudi si mwenzao tena.

Nilipokuwa nikitazama nilikumbuka bao letu la mashimo 32 na kete 64, ambalo mzee hukaa nalo barazani tangu alasiri. Katika bao adui yako umemwona tangu mwanzo, amekukabili, na kete zake unazihesabu. Nikawauliza vijana wa Kikikuyu kama kwao hakuna bao. Mmoja akasema babu zao walicheza giuthi, ambalo ni bao la safu mbili, lakini yeye mwenyewe hajui kulicheza. Nikasema, "Basi mmejifunza nyumba ya Marekani kabla ya mashimo ya babu yenu." Wakacheka, lakini yule aliyesema akainama.

Lililofuata halikuwamo kitabuni.

Saa ya usaliti ilipofika, jina lilimwangukia kijana mmoja mchangamfu, karani wa ofisi mjini. Akatoka nje akasome maagizo yake. Kumbe alikuwa amejitayarishia mzaha. Alikuwa na gunia dogo la viazi, amelitoboa matundu mawili ya macho. Akalivaa kichwani, likamfika mabegani, akarudi pole pole bila kusema, akasimama mlangoni na kuanza kuwatazama wenzake mmoja mmoja, akitikisa kichwa.

Wenzake wakapiga ukelele wa furaha. Wakati huohuo Cucu alikuwa akitoka jikoni na sinia ya yale malenge, yamechemshwa na viazi. Akamwona.

Sinia haikuanguka, msomaji. Aliiweka chini taratibu sana, kama mtu aliyeamriwa kuweka chini alichobeba. Kisha akachuchumaa na kuinamisha kichwa, mikono yake miwili juu ya leso. Kicheko kikakatika. Sikuwahi kuona baraza ikinyamaza vile.

GAKUNIA

Wazee wetu wa Pwani walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mpwa wangu ndiye aliyemwinua, akamketisha kwenye kiti changu karibu na makaa. Kijana alikuwa amekwisha kulivua gunia, analishika nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba. Baada ya kitambo Cucu akasema, tena bila hasira, "Ninyi hamjui. Hiyo ilikuwa gakunia."

Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja wa nchi hii ya Kikikuyu waliondolewa katika boma zao na kutiwa katika vijiji vya lazima, vyenye mahandaki ya miti iliyochongwa, walinzi, na amri ya kutotoka usiku. Palipotakiwa kuwatenga Mau Mau na wasio Mau Mau, watu walipangwa mistari, akaletwa mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Hasemi neno. Hutazama tu uso kwa uso, na anapotikisa kichwa, yule aliyetazamwa huchukuliwa. Watu waliwaita gakunia, kwa sababu ya lile gunia.

Cucu alikuwa na umri wa miaka tisa. Alikuwa amechuchumaa mstarini na mamake, mikono kichwani kama walivyoamriwa wote. Gunia lilipita mbele yao, likarudi, likatikisa kichwa kwa kaka ya mamake. "Tulijua viatu vyake," akasema. "Alikuwa ni jirani. Alikuwa anakula kwetu." Mjomba wake hakurudi. Na yule jirani alikaa pale pale hadi uhuru ukaja na baada ya uhuru, wakisalimiana njiani, na hakuna aliyemwambia kuwa viatu vyake vilionekana.

Nilimuuliza kama aliwahi kuwasimulia watoto wake. Akasema, "Walikuwa wanakula, wanakwenda shule. Ningewaambia saa ngapi?"

Vijana wale siku kumi na moja tu kabla ya hapo walikuwa wamekaa nyumbani kwa likizo ya Sikukuu ya Mashujaa, ambayo ndiyo hiyo tarehe 20 Oktoba. Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya siku zile na ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Hayo yote waliyajua kwa mtihani. Neno gakunia hawakulijua, nalo lilikuwa likilala nyumba moja nao.

Kijana wa gunia akapiga magoti, akaomba radhi. Cucu akamshika kichwa, akamwambia, "Wewe hukujua. Kaa, ule." Kisha, labda kwa kutuonea huruma, akasema kwamba hata katika vijiji vile, usiku wa amri, mamake aliwapa watoto hadithi ya irimu na mhunzi. Mhunzi alikwenda mbali kufua vyuma, mkewe akajifungua peke yake. Likaja irimu likajifanya mkunga, likipika chakula na kukila chenyewe mbele ya mzazi mwenye njaa. Yule mke akampa njiwa mbegu za mbono, akamtuma kwa mumewe, na mume akarudi na mkuki. Cucu aliisimulia yote, na sauti ya njiwa akaiimba. Walipokuwa wadogo, akasema, waliipenda kwa kuwa mwishoni mtu anarudi.

Irimu la Wakikuyu na zimwi letu ni neno moja lililotengana njiani, kama ndugu wawili ambao mmoja alikwenda mlimani na mwingine akabaki pwani. Nasi Pwani tuna yetu. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilipoingia Pemba na Unguja, watu walilala nje makundi kwa makundi wakiota moto, na mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umma kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Basi tusijione kuwa vitisho ni vya Wazungu. Hofu ya pamoja huweza kuwa hadithi ya kuwatuliza watoto, na huweza kuwa gunia juu ya kichwa cha jirani.

Mchezo haukumalizwa usiku ule. Vipande vya nyumba vilirudishwa ndani ya sanduku, na gunia likatiwa jikoni likaungua. Asubuhi, nilipokuwa nikijitayarisha kwa safari, nilimkuta yule karani amekuja mapema, amechuchumaa uani mbele ya Cucu. Bibi alikuwa amechimba ardhini safu mbili za mashimo, akimwonyesha anavyogawa kokoto.

Dada yangu ameniuliza mwanawe anaishi na watu gani. Nimemjibu kwamba anaishi na watu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na wale sasa wamejuana. Vijana wa Karatina, na wa Mombasa na Lamu pia, nawaachia ubeti huu:

Vijana nawausia, muulizeni mzazi,
Zimwi alilokimbia, lilikuwa na makazi,
Mkicheza nawambia, msidharau machozi,
Hofu aliyopitia, ndiyo kwenu simulizi.