Ngozi Iliyobeba Bastola

Wazee waliofanya kazi moja kwa muda mrefu, wakutanapo, hawaanzi na mambo makubwa. Mkata mkonge aliyestaafu huko Tanga hatakueleza kwanza habari za bei ya katani katika soko la dunia. Atakueleza habari za kisu chake, jinsi kilivyokaa mkononi na jinsi alivyokinoa alfajiri. Baharia ataanza na kamba. Nasi tulipofuatia kumbukumbu za askari polisi wastaafu wa Marekani, wale waliovaa rivolva kiunoni tangu miaka ya 1950 mpaka ya 1980, tuliona jambo lilo hilo. Tulitazamia wasimulie majambazi waliowakimbiza. Kumbe kinachowafungua midomo ni ala, yaani ule mfuko wa ngozi uliobeba bastola.

Ndugu msomaji asicheke. Katika ngozi hiyo mlikuwamo uhai wa mfanyakazi, na wa raia aliyesimama mbele yake pia.

Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka, na ya askari wa Marekani ilikuwa kwa kawaida na matundu sita. Iliyoenea kupita nyingine ni ile ya kampuni ya Smith & Wesson iliyotolewa mwaka 1899, ambayo miaka mingi baadaye ilipewa jina la Modeli 10; Colt nao walitoa yao, Official Police, mwaka 1927. Uzito wake ulikaribia kilo moja. Ongeza juu yake risasi za akiba, pingu, kirungu na tochi, vyote vikining'inia katika mkanda mmoja, zamu baada ya zamu, kwa miaka ishirini au zaidi. Maungo ya kiuno hayasahau. Tena katika miji mingi ya nchi hiyo askari alijinunulia sehemu ya vifaa hivyo kwa mshahara wake mwenyewe, kwa hiyo ala nzuri lilikuwa jambo la kufikiriwa vema kabla ya kutoa fedha.

Mkanda wenyewe una historia ya ajabu kidogo. Ulibuniwa na Mwingereza, Samuel Browne, afisa wa jeshi la wapanda farasi huko India, ambaye mwaka 1858 alikatwa mkono wa kushoto vitani. Mtu mwenye mkono mmoja hawezi kushika ala ya upanga huku akiuchomoa upanga wenyewe. Ndipo alipotia ukanda mwembamba uliopita begani ili kuutuliza mkanda wa kiunoni. Majeshi mengi yakauiga, na polisi wa Marekani wakauchukua pamoja na jina lake. Hata ukanda wa begani ulipoachwa, kwa kuwa adui aliweza kuukamata na kumburura askari, mkanda mpana wa kiunoni uliendelea kuitwa Sam Browne.

Mambo ambayo wazee hao hukumbuka kwanza ni ya pua na masikio: harufu ya ngozi mpya, na mlio wake, kwa maana ngozi ngumu hulia kila hatua, na askari anayenyemelea mlango usiku hakuupenda mlio huo. Ala mpya ilibana mno. Wengine waliilowesha maji, wakaifunga bastola kwa karatasi ya nailoni na kuisukuma ndani, wakaacha ngozi ikauke juu yake mpaka ikashika umbo. Kisha ikaja rangi ya viatu na kusugua. Msimamizi mkali alikagua mkanda kama akaguavyo viatu, na kuruta aliyekuja na ngozi iliyopauka alijua siku yake itakuwa ndefu.

Ngozi ilikuwa na hila zake pia. Ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti hubaki na asidi ndani yake, na asidi hiyo ikigusa shaba ya risasi huleta kutu ya kijani. Askari aliyeziacha risasi zake katika vitanzi vya mkanda miezi mingi bila kuzigusa aliweza kuzikuta zimegandamana na ngozi. Vilipendeza vitanzi vile siku ya gwaride. Siku ya hatari vilitaka mtu mwenye subira.

Lakini tukitaka kujua ala gani huleta ubishi mkubwa kati ya wazee hao, ni ile ya California iliyofananishwa na kombe. Ilianza kutumika katika miaka ya 1930, na polisi wa Los Angeles na askari wa barabara kuu wa jimbo hilo waliivaa kwa muda mrefu. Iliundwa kwa pande mbili zenye bawaba na springi, ngozi nje na chuma ndani. Bastola haikuchomolewa juu kama ilivyo desturi. Askari alishika mpini, akapeleka kidole cha shahada ndani ya pete inayozunguka kifyatulio, akabonyeza kitufe kilichofichwa humo, na mara kombe likafunguka, bastola ikatoka kwa mbele. Aliyeketi ndani ya gari aliweza kuitoa bila kuinua kiwiko. Na mhalifu aliyeivuta kwa nyuma bila kuijua siri aliambulia kutikisa kiuno cha askari tu.

Ni chombo cha werevu, na wapo wanaoapa mpaka leo kwamba hakikupata kutokea cha kukipita. Sisi, kwa hukumu yetu, twasimama upande wa wanaokilaumu. Kombe lile liliweza kufunguka lenyewe askari akikimbia, akiruka ukuta au akipigana mieleka na mtu, bastola ikaanguka chini mbele ya macho ya watu. Na ubaya mwingine ulizidi huo. Chombo kilichomfundisha mtu kutia kidole penye kifyatulio kabla bastola haijaelekezwa popote kilikuwa kinaomba ajali.

Kule mpakani na Mexico mawazo yalikuwa mengine. Bill Jordan, askari wa doria ya mpaka, alishirikiana na karakana ya matandiko ya farasi ya Myres, mjini El Paso, kutengeneza ala iliyokaa mbali kidogo na mwili, yenye chuma ndani ya ngozi ili isiyumbe, na iliyoacha mpini na kifyatulio wazi. Kasi ya Jordan ilikuwa mashuhuri. Alikuwa akiweka mpira mdogo wa tenisi ya mezani juu ya mgongo wa kiganja chake, akachomoa bastola kwa wepesi hata mpira ukatumbukia ndani ya ala iliyobaki tupu. Mwaka 1965 alitoa kitabu, No Second Place Winner, ambacho jina lake lasema kwamba katika mapambano ya namna hiyo wa pili hana tuzo. Ala ya namna yake ikaenea nchi nzima.

Hapo ndipo penye fundo la habari yetu. Ala inayotoa bastola upesi kwa mwenyewe huitoa upesi kwa mwizi vilevile. Askari hutumia muda mchache mno wa maisha yake akichomoa bastola. Muda mwingi yumo katika vurugu za baa, anatenganisha mume na mke, anamfunga pingu mlevi, na mpini uko wazi mkono wa mtu yeyote ukiufikia. Taarifa za kila mwaka za FBI juu ya polisi waliouawa zilionyesha wazi kwamba baadhi yao waliuawa kwa silaha zao wenyewe. Katika miaka ya 1970 Bill Rogers, aliyekuwa amefanya kazi FBI, alishughulikia ala za kuzuia unyang'anyi, ambazo hazitoi bastola mpaka mwenyewe aifanyie miondoko maalumu aliyoizoea. Wazee wengi walinung'unika kwamba zitawachelewesha. Kila karakana huyasikia manung'uniko ya aina hiyo kinga mpya inapofungwa kwenye mashine.

Wakati huo pigo lingine lilikuwa limekwisha kuanguka. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili 1970, huko Newhall, California, askari wanne wa barabara kuu waliuawa na watu wawili katika muda wa dakika chache. Hakuna aliyekuwa ametimiza miaka 25. Mmoja wao alipigwa alipokuwa akitia risasi katika rivolva yake, moja moja, kutoka katika kifuko cha mkanda. Baada ya hapo askari wa barabara kuu wa jimbo hilo walipewa kipakizi, kidude cha mviringo kinachotia risasi zote sita kwa mara moja. Wastaafu waliokuwa makuruta wakati huo hawalitaji jina la Newhall kwa sauti kubwa.

Wanawake nao wana kumbukumbu zao, ijapokuwa ni nadra kuulizwa. Kwa miaka mingi askari wa kike walibeba bastola ndani ya mkoba wa mkononi, na kazi zao zilihusu watoto na wafungwa wa kike. Mwaka 1968, mjini Indianapolis, wanawake wawili walipewa gari la doria, nao wakafunga mkanda kiunoni kama wenzao. Mkanda ule ulikuwa umekatwa kwa nyonga za mwanamume. Michubuko waliyopata hao na waliowafuata haimo katika picha za gwaride.

Wala haifai kusimulia haya kana kwamba ala ilitazamwa na mvaaji peke yake. Mnamo Agosti 1965 askari wa barabara kuu walimsimamisha kijana mweusi karibu na mtaa wa Watts, Los Angeles, na fujo zilizofuata ziliua watu 34. Kwa wakazi wa mitaa kama hiyo, mkono wa askari uliotua juu ya mpini ulikuwa maneno tosha. Baadhi ya wastaafu hulikiri jambo hili, tena kwa moyo mweupe. Wengine hulikwepa na kurudi kwenye habari za rangi ya viatu. Tumeona vema kulitaja.

Rivolva yenyewe iliondoka polepole. Polisi wa jimbo la Illinois walichukua bastola ya magazini tangu mwaka 1967, Los Angeles wakafuata mwaka 1986, na New York wakawaruhusu askari wao wote mwaka 1993. Ngozi nayo ikaipisha nailoni na plastiki ngumu, ambazo hazilii, hazipauki, wala hazioti kutu ya kijani.

Rivolva nyingi zilirudishwa ghalani au zikauzwa. Ala nyingi hazikutakiwa na mtu, wenyewe wakaenda nazo nyumbani, zikawekwa kabatini au juu ya rafu ya gereji. Ukiichukua moja leo utaona ndani yake alama ya silinda, na chini alama ya mtutu, palepale bastola iliposugua miaka ishirini. Ngozi ile imekauka ikiwa na umbo lake, na bastola nyingine haiwezi kuingia.