Mfa maji hapigi kelele

Methali tumeikariri tangu shule ya msingi: mfa maji haachi kutapatapa. Nikiwaambia wanafunzi wa kidato cha pili waigize mtu anayezama, nusu ya darasa hurusha mikono na kupiga mayowe. Wanachoigiza ni methali. Ziwani mambo huwa mengine kabisa. Tuzipime imani moja moja.

Anayezama huita na kupunga mikono. Mara nyingi si kweli.

Mdomo unaoibuka juu ya maji kwa nukta moja hauwahi kuita. Hiyo nukta ni ya kuvuta pumzi. Francesco Pia, mwokoaji wa ufukweni New York, aliwapiga picha za filamu watu waliokuwa wakizama, akazieleza dalili moja moja: kichwa kimeegemea nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mwili wima, miguu haipigi, mikono inakandamiza maji ubavuni kama ya mtu anayepanda ngazi. Kwa makadirio yake, hali hiyo hudumu sekunde 20 hadi 60 kabla mtu hajaenda chini. Walio hatua tatu kando yake hudhani anacheza. Anayepunga na kuita naye yuko hatarini, ila bado ana nguvu. Wa kuogopwa zaidi ni aliyekuwa akipiga kelele, mara akanyamaza. Mwite. Asipojibu, usingoje.

Ajali ikitokea karibu na nchi kavu, watu hupona. Si kweli.

Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Septemba 20, 2018 kikiwa kinakaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Jaketi okozi huvaliwa chombo kikiwa bado kimetulia.

Anayejua kuogelea ndiye ajitose kumwokoa mwenzake. Si kweli.

Mtu anayezama hukwea chochote kilicho karibu, hata shingo ya kaka yake. Ndiyo maana tunasikia wamezama wawili, watatu, wa nyumba moja. Kwanza piga yowe kwa niaba yake. Kisha lala kifudifudi ukingoni umpe fito au kanga, au mtupie kitu kinachoelea.

Shibe huzamisha. Si kweli. Hakuna ushahidi wa maana dhidi ya ugali. Tuendelee.

Aliyeopolewa aning'inizwe kichwa chini maji yatoke. Si kweli, na imani hii ina madhara makubwa.

Alichokosa ni hewa, na kila dakika ya kumning'iniza au kumbinyabinya tumbo ni dakika bila hewa. Tena matapishi yakipanda huweza kuingia mapafuni. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5. Asipozinduka, kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, mara 30 tena, huku mwingine amekimbilia msaada. Mikono huzoea kwa mazoezi mbele ya mtu aliyefunzwa. Kusoma tu hakutoshi.

Akizinduka, bado apelekwe hospitali. Kweli. Mapafu yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

Shule isiyo na bwawa haina la kufundisha. Si kweli.

Bwawa la kuogelea sisi hatuna. Tuna uwanja wa mpira, kamba ya mita 15 na dumu la lita 20 lililofungwa kwenye kamba hiyo. Dumu tupu lililokazwa kifuniko humbeba mtu aliyelikumbatia. Tunaacha maji kidogo ndani ili upepo usilipeperushe. Mmoja hukaa kwenye duara la katikati akiwa ndiye anayezama, wengine humtupia dumu kutoka pembeni mwa duara.

Wa kwanza alikuwa mvulana mwenye mabega ya mvuvi. Alilizungusha dumu, akaliachia, likatua barabara mikononi mwa mwenzake. Darasa likashangilia. Kisha wote tukaitazama kamba, yote, imejilaza kwenye nyasi mita nane mbele yake. Alikuwa hajaikanyaga ncha.

Wa pili aliikanyaga kwa miguu yote miwili.