Mwalimu wa Kifaransa Apanda Jukwaani

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari za John Sibi-Okumu. Alisoma Shule ya Lenana, upande wa Barabara ya Ngong, ambayo enzi za mkoloni iliitwa Duke of York. Baadaye akawa mwalimu wa Kifaransa, na vilevile mwigizaji.

Mbona mwigizaji afundishe? Kwa sababu Nairobi tiketi za michezo ya kuigiza hazimshibishi mtu. Waigizaji wengi wana ajira nyingine, na mazoezi huanza jioni, watu wakishatoka kazini. Tena nadhani Kifaransa kilimfaa. Anayefundisha watoto kutamka lugha ngeni hujifunza kutomeza neno.

Aliigiza na kundi la Phoenix katikati ya jiji, Barabara ya Parliament. Ukumbi wao ulikuwa mdogo, na waliokaa mbele waliona hadi jasho la mwigizaji. Hapo usoni huwezi kudanganya, na bado sauti lazima imfikie aliyekaa nyuma kabisa. Mbele ya kamera mambo ni kinyume: ukipaza sauti hivyo unachekesha, ilhali nyusi zikipanda kidogo tu watazamaji wameelewa. Sibi-Okumu alimudu kote kuwili. Mtamwona kama Daktari Ngaba katika filamu ya 2005, The Constant Gardener, ambayo sehemu yake ilipigwa picha mtaani Kibera. Kisha, kuanzia 2007, akaongoza chemsha bongo ya televisheni iliyowapambanisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya nchi mbalimbali za Afrika. Aliuliza, akangoja, hakumcheka aliyekosa: ualimu ule ule.

Mimi lakini nampendea kalamu. Ameandika tamthilia kadhaa, mojawapo Role Play, na nyingine, Kaggia, inamhusu Bildad Kaggia. Huyo alifungwa pamoja na Jomo Kenyatta baada ya kesi ya wakoloni huko Kapenguria. Uhuru ulipopatikana alizidi kudai ardhi kwa ajili ya maskini, hata mwaka 1965 Kenyatta, sasa akiwa rais, akamuuliza hadharani, huko Kandara, yeye amejifanyia nini. Wenzake walikuwa na mashamba makubwa. Kaggia aliishia kuendesha mashine ya kusaga unga.

Mwandishi angeweza kuchagua shujaa mwenye sanamu mjini. Akamchagua msaga unga, akamweka jukwaani, taa zikawashwa.